Gari linakula tairi upande mmoja: soma tairi, pima kwa uzi, rekebisha too

Tairi jipya la mbele likiisha ukingo wa ndani baada ya miezi michache, huku katikati meno bado yamesimama, usikimbilie kumlaumu aliyekuuzia. Gurudumu halikai linavyotakiwa kukaa. Mwongozo huu ni wa gari dogo la kuvutwa na tairi za mbele, aina ya Toyota IST, Passo, Probox au Corolla, yaani magari yanayojaa kwenye maegesho yetu. Palipo na tofauti kwa pikapu na Land Cruiser tutasema.

Pembe tatu, na kazi ya kila moja

Too ndiyo pembe inayokula tairi kuliko nyingine zote. Simama juu ya gari kwa mawazo, utazame magurudumu mawili ya mbele. Yakikaribiana kwa mbele kama miguu ya mtu anayetembea vidole vikielekea ndani, hiyo ni toini. Yakitanuka kwa mbele ni toauti. Gari ndogo nyingi za Toyota hutakiwa kuwa sifuri, au milimita 1 hadi 2 juu au chini ya sifuri, kwa magurudumu yote mawili pamoja.

Milimita zinaonekana ndogo mpaka uzipigie hesabu. Chukua tairi la 175/65R14, ambalo kipenyo chake ni milimita 583. Too ikikosewa kwa milimita 6 jumla, kila tairi linabeba 3. Gari linakwenda mbele, lakini tairi linatazama pembeni kidogo, kwa hiyo linaburuzwa kwa ubavu kama mita 5 katika kila kilomita. Safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilomita 190. Ukifika, kila tairi la mbele limeshaburuzwa karibu kilomita nzima juu ya lami. Hakuna mpira unaovumilia hilo.

Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama kutoka mbele ya gari. Kichwa cha tairi kikiinamia ndani, kemba ni hasi. Kikiinamia nje, ni chanya. Kemba hula tairi polepole, bega moja tu, na bega lenyewe huwa laini. Pia huvuta: gari huelekea upande ule ambao kemba yake ni chanya zaidi.

Kasta haionekani kwa macho. Ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu linauzunguka unapokata kona. Juu ya mhimili ukirudi nyuma, kasta ni chanya, na ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona, kama magurudumu ya toroli la dukani yanavyojipanga ukilisukuma. Kasta haili tairi kwa kiasi cha kukusumbua. Ikipungua pande zote, usukani unakuwa mwepesi, hauna msimamo kwenye kasi, na baada ya kona lazima uurudishe kwa mkono. Ikitofautiana kushoto na kulia, gari huvuta kwenye upande wenye kasta ndogo. Tofauti ya nusu digrii, iwe ya kemba au ya kasta, inatosha kuisikia mkononi.

Anza na tairi lenyewe

Kabla ya kulipia mashine ya alaimenti, yaani ya kupima na kupanga pembe hizi, pitisha kiganja juu ya tairi la mbele, kukata meno kwa upana wake. Kwanza kutoka ukingo wa nje kwenda ndani, kisha rudi. Kama kwenda ndani ni laini lakini kurudi nje meno yanakukwaruza kama msumeno, toini imezidi. Kama kwenda ndani ndiko kunakokwaruza na kurudi ni laini, ni toauti. Kiganja hukuambia mapema kuliko macho, kwa sababu ncha hizo huota wakati tairi bado linaonekana zima.

Bega moja limeisha bila ncha zozote: tazama kemba. Mabega yote mawili yameisha na katikati pamebaki: upepo mdogo. Katikati pameisha na mabega yapo: upepo mwingi. Kuna mabondemabonde kuzunguka tairi, kila baada ya sentimita kadhaa, na mlio kama wa beringi: shokapu zimechoka, au tairi halina balansi.

Hapo kwenye balansi ndipo wengi wanapopoteza fedha. Usukani unaotetemeka kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa, kisha ukatulia, ni shauri la balansi ya magurudumu au rimu iliyopinda. Alaimenti haitauponya. Na gari linalovuta upande halitaponywa na balansi.

Kuvuta nako si lazima kuwe kosa la pembe. Barabara huinuliwa katikati ili maji ya mvua yateremke kando. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari zima kabisa huteremka kidogo kidogo kushoto ukiuachia usukani. Bujumbura au Kigali, wanakoendesha kulia, litateremka kulia. Tafuta sehemu iliyo sawa, au jaribu pande zote mbili za eneo pana lisilo na magari. Likivuta kweli, badilishana matairi ya mbele, la kushoto liende kulia na la kulia liende kushoto, kisha jaribu tena. (Matairi yenye mshale wa mwelekeo yabadilishane na ya nyuma ya upande uleule.) Uvutaji ukihama upande au ukiisha, kosa limo ndani ya tairi. Ukibaki palepale, endesha kilomita chache bila kufunga breki sana, simama, usogeze mkono karibu na rimu zote mbili. Iliyo moto kuliko mwenzake ina breki inayong'ang'ania.

Usipime gari lililolegea

Hili ndilo kosa la gereji nyingi: gari linapandishwa kwenye mashine likiwa na tairodi endi iliyokufa (kiungo cha mwisho cha tairodi, fimbo inayogeuza gurudumu unapokata usukani), namba zinawekwa vizuri, karatasi inatoka ya kijani, na baada ya matuta matatu namba zimehama. Kipimo cha kitu kinachocheza hakina maana.

Piga jeki upande mmoja, weka stendi, shika tairi saa tatu na saa tisa, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako aendelee kutikisa huku wewe unashika tairodi endi, kisha mpira wa raki (chombo cha usukani kinachosukuma tairodi). Utausikia mchezo ndani ya kiganja. Shika saa kumi na mbili na saa sita: mchezo hapo ni wa boljointi ya chini (kiungo cha mviringo kinachoshika gurudumu kwa chini) au beringi ya gurudumu. Beringi hucheza hata mwenzako akikanyaga breki? Hapana, breki huificha. Mchezo ukiendelea na breki imekanyagwa, ni boljointi. Kisha tazama bushi za wishboni, yaani mipira ya mkono wa chini unaoshika gurudumu. Bushi ya nyuma iliyochanika huachia gurudumu zima lirudi nyuma unapofunga breki, na hapo kasta na too zote zinahama huku gari likiyumba.

Badilisha vilivyokufa kwanza. Jaza upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Toa mizigo, isipokuwa ile inayokaa garini siku zote. Springi iliyokatika au iliyolala upande mmoja itaharibu kila kipimo, kwa hiyo linganisha urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa panga (bati linalofunika gurudumu), kushoto na kulia.

Kupima too kwa uzi

Vifaa: uzi wa nailoni wa mwashi, stendi nne au matofali yenye urefu sawa, rula ya chuma yenye milimita, chaki, na sakafu ya saruji iliyo sawa. Usawa wa sakafu upime kwa mpira wa maji, kama mwashi anavyofanya. Kwa too, tofauti ndogo haidhuru. Kwa kemba inadhuru sana: sakafu iliyoshuka milimita 10 upande mmoja, kwenye gari lenye upana wa milimita 1450 kati ya magurudumu, inakudanganya kwa digrii 0.4.

1. Nyoosha usukani. Sukuma gari kwenda mbele mita tatu au nne, ulisimamishe bila kulirudisha nyuma. Gari lililotoka kushushwa kwenye jeki magurudumu yake hukaa yamejikunja. Ukilipima hapohapo umepima jeki.

2. Funga usukani usicheze. Kamba kutoka usukani hadi kiti inatosha.

3. Vuta uzi kila upande wa gari, ukiufunga kwenye stendi, kutoka mbele ya bampa hadi nyuma, kwenye kimo cha katikati ya magurudumu. Uzi usiguse tairi.

4. Sogeza stendi mpaka umbali wa uzi hadi katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) ya mbele kushoto ulingane na wa mbele kulia, na wa nyuma kushoto ulingane na wa nyuma kulia. Mbele na nyuma si lazima zilingane, maana magari mengi yana upana tofauti mbele na nyuma. Hatua hii ndiyo inayochosha, na ukiifanya kwa haraka yote yanayofuata ni bure.

5. Kwa rula, pima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma wa rimu ileile. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na uzi, gurudumu hilo lina toini. Ukiwa karibu zaidi, toauti.

6. Sukuma gari mbele nusu mzunguko wa tairi, kama sentimita 92 kwa tairi la 583, upime tena. Namba zikitofautiana rimu imepinda, chukua wastani.

Mfano. Kushoto: mbele 152, nyuma 150, yaani toini ya 2. Kulia: mbele 149, nyuma 153, yaani toauti ya 4. Jumla ni toauti ya 2 kwenye rimu. Rimu ya inchi 14 ina kama milimita 390 ukingo hadi ukingo, kwa hiyo kwenye kipenyo cha tairi hiyo ni toauti ya 3. Angalia pia jambo lingine: magurudumu yote mawili yanatazama kulia. Dereva wa gari hili atakuwa ameushika usukani umepinda kushoto, kama digrii 7, ili gari liende moja kwa moja. Ukiona usukani umepinda kwenye barabara iliyonyooka, mara nyingi ni kwamba mtu alirekebisha tairodi moja tu akamaliza.

Pima na ya nyuma. Ikiwa kushoto kuna toini na kulia kuna toauti inayolingana nayo, ekseli ya nyuma imekaa kimshazari na gari linakwenda kama kaa. Kwenye Probox, IST na wenzao ekseli ya nyuma haina pa kurekebishia. Tafuta bushi zilizokufa au ekseli iliyopigwa. Magari kama Mark X na Subaru yana boliti za kurekebishia nyuma, na huko ndiko kuanza kabla ya kugusa mbele, kwa sababu ya mbele hufuata mstari wa nyuma.

Kurekebisha

Raki ikiwa nyuma ya mstari wa magurudumu ya mbele, kama ilivyo kwenye magari haya madogo, kurefusha tairodi kunasukuma nyuma ya gurudumu nje, hivyo kunaongeza toini. Kuifupisha kunaongeza toauti. Raki ikiwa mbele ya ekseli, ni kinyume chake. Lala chini utazame kabla ya kushika spana.

Safisha nyuzi za tairodi kwa brashi ya waya, puliza mafuta ya kulegezea, subiri. Legeza nati ya kufungia huku ukishika tairodi endi kwa spana ya pili. Kisha legeza klipu ndogo ya mpira wa raki. Ukiisahau, mpira utajipinda pamoja na tairodi, utachanika, na vumbi la barabara litaimaliza raki yenyewe. Raki si bei ya alaimenti.

Zungusha kiasi gani? Nyuzi za skrubu zikiwa za milimita 1.5 na mkono wa stelingi (unaounganisha tairodi na gurudumu) ukiwa na kama milimita 130, mzunguko mmoja kamili hubadilisha gurudumu moja kwa karibu milimita 4.5 kwenye rimu ya inchi 14. Katika mfano wetu, kushoto tunafupisha kidogo chini ya nusu mzunguko, kulia tunarefusha karibu mzunguko mzima. Piga alama ya chaki kwenye tairodi ili uhesabu bila kubahatisha.

Kaza nati, sukuma gari mbele, nyoosha usukani, pima upya. Nati yenyewe huweza kuizungusha tairodi wakati wa kukaza, ndiyo maana kipimo cha mwisho huchukuliwa nati zikiwa zimekazwa. Tazama pia nyuzi zinazoonekana nje ya nati: zikiwa nyingi upande mmoja na chache mwingine, huenda raki haiko katikati au kuna kitu kimepinda. Rudisha klipu, hakikisha mpira haujajikunja.

Kemba kwa timazi

Ning'iniza timazi kutoka kwenye panga, mbele ya katikati ya gurudumu, uzi ukae huru. Pima hadi ukingo wa juu wa rimu na hadi ukingo wa chini. Usipime hadi kwenye mpira, maana chini tairi limefura kwa uzito wa gari. Juu kukiwa mbali zaidi, kemba ni hasi. Kwenye rimu ya inchi 14, tofauti ya milimita 7 hivi ni digrii moja. Gari ndogo nyingi hukaa kati ya sifuri na hasi digrii moja. Kitabu cha gari lako kina namba yake. Muhimu zaidi ni kushoto na kulia zisiachane zaidi ya nusu digrii.

Kwenye shokapu ya mbele ya magari haya kuna boliti mbili zinazoikamata nakoli (chuma kinachobeba habu). Matundu yana nafasi kidogo, na Toyota huuza boliti zenye kiuno chembamba za kuongeza nafasi hiyo. Lakini kama kemba imehama digrii moja au zaidi upande mmoja baada ya kupiga shimo, usiifiche kwa boliti. Shokapu, wishboni au nakoli imepinda, na chuma kilichopinda mara moja si cha kuaminiwa. Kila ukigusa kemba, too inahama. Kwa hiyo too huwa ya mwisho siku zote: nyuma kwanza, kisha kasta, kisha kemba, kisha too.

Ukienda kwenye mashine

Uzi haupimi kasta, kwa hiyo gari linalovuta bila kula tairi lipeleke kwenye mashine. Dai karatasi mbili, ya kabla na ya baada. Isome mwenyewe. Mashine nyingine huandika digrii na dakika, na digrii moja ina dakika 60. Nyingine huandika desimali. Digrii 0.30 ni dakika 18, si 30. Watu wazima wamegombana kwa hilo. Angalia kama fundi ameviringisha gari au amezungusha magurudumu ili mashine iondoe kupinda kwa rimu, kama magurudumu ya mbele yamekaa juu ya sahani zinazozunguka, na kama usukani umefungwa. Akianza kuzungusha tairodi kabla ya kutikisa tairi hata moja, gari lako bado halijakaguliwa.

Gari lenye mfumo wa kuzuia kuteleza huenda likawasha taa baada ya usukani kunyooshwa, kwa kuwa kihisi chake kinakumbuka katikati ya zamani. Huwekwa upya kwa kompyuta ya gereji.

Land Cruiser na pikapu

Land Cruiser 76 na 79 zenye ekseli nzima mbele hurekebishwa too peke yake. Ukiliinua gari kwa springi ndefu, kama magari mengi ya safari, ekseli inajizungusha na kasta inapungua. Dereva analalamika kuwa gari linatangatanga kwenye lami na halirudishi usukani, anabadilishiwa stelingi dampa (shokapu ya usukani), na hakibadiliki kitu. Dawa yake ni bushi zenye tundu lisilo katikati, au mikono ya ekseli iliyotengenezwa kwa kimo hicho, kisha kupima kasta upya.

Hilux na Prado zenye wishboni mbili zina boliti za mduara usio sawa kwenye wishboni ya chini, za kemba na kasta. Kwenye magari ya vumbi na chumvi ya pwani hukamatana na bushi na kuota kutu mpaka zikatwe kwa moto. Uliza kama zinazunguka kabla hujakubaliana bei ya kazi. Baada ya kuzikaza, endesha juu ya matuta machache kisha pima tena, na piga mstari wa rangi kwenye boliti na chuma chake, ili siku nyingine uone kwa jicho kama imehama.